Utepe Usio na Jina

Shuleni, mimi na binti yangu hatujuani. Hayo ndiyo makubaliano tuliyowekeana siku ya kwanza alipoingia sekondari ya Kessler Wells, tukiwa ndani ya pikapu, injini ikinguruma, yeye kaukumbatia mkoba kifuani. "Baba, usinipungie mkono. Usiniite. Ukinikuta kwenye korido, pita tu." Nikasema sawa. Na mimi niliwahi kuwa na miaka kumi na minne, tena baba yangu hakuwa akifagia korido nilizopita.

Mimi ni fundi wa shule. Balbu ikiungua, mwiteni Prather. Choo kikiziba, Prather. Boila ya kupashia jengo joto, mistari ya uwanja, mashine ya kukatia nyasi, bigijii zilizobandikwa chini ya madawati na watoto ambao baba zao nilisoma nao na walibandika zao palepale, yote hayo ni ya Weldon Prather. Shule ina wanafunzi tisini na kitu, wa mjini na wa mashamba yote ya pamba yanayotuzunguka. Kwa idadi hiyo ungedhani hakuna mtoto anayeweza kupotea.

Ubaya wa kazi hii ni kwamba unaona. Mtu aliye juu ya ngazi hakuna anayemtazama, lakini yeye anatazama wote. Nilimwona Marlee, binti yangu, akila peke yake kwenye ncha ya meza ya mwisho, karibu na mapipa ya taka, kitabu kakiegemeza kwenye pakiti ya maziwa. Wangemchokoza ningejua la kufanya, ningeshuka kwenye ngazi. Hawakumchokoza. Walimpita tu kama wanavyoipita nguzo, na kwa hilo fundi hana dawa.

Jioni tulikula mbele ya televisheni. Mama yake alituacha Marlee akiwa na miaka tisa, akaenda Albuquerque na muuza pampu za umwagiliaji, na tangu hapo tunapata kadi moja kila Krismasi. Basi tulikuwa wawili. Namuuliza, "Shule vipi?" kama vile sikuwepo. Ananijibu, "Poa." Namwambia vizuri. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu, na nayasema kwa aibu.

Sasa, kwetu Texas kuna Wiki ya Kurudi Nyumbani, mwezi wa kumi, wahitimu wa zamani wanaporudi kutazama mechi na kuhesabiana vipara. Ijumaa ya wiki hiyo kila msichana mwenye mtu huja shuleni na ua kifuani. Enzi zangu lilikuwa krisanthemo moja bichi, pini moja na tepe mbili. Siku hizi ua ni la kitambaa, kubwa kama sinia, katikati kidubu cha kuchezea, na tepe zinashuka mpaka chini ya magoti zikiwa zimefungwa njuga. Siku hiyo hakuna mwalimu anayefundisha, anasikiliza njuga tu mpaka kengele ya mwisho. Mvulana ndiye anayempa msichana. Kwenye utepe mmoja huandikwa jina la msichana, na kwenye wa pili jina la mvulana.

Mwaka uliotangulia haya ninayosimulia nilimwona Marlee kapiga magoti koridoni, anamnasulia msichana mwingine tepe zilizobanwa na mlango wa kabati. Alizitoa taratibu, mmoja baada ya mwingine, akazinyoosha kwa kiganja. Yule msichana akasema, "Asante we," kwa sababu jina hakulijua, akaondoka zake. Marlee akabaki pale chini, anazitazama njuga zikikata kona.

Jioni ile nilimchokonoa. "Na wewe hupendi mambo ya maua?"

"Yale mazigo? Shingo yangu bado naihitaji, baba."

Tukacheka. Lakini nilikuwa nimeona kile kiganja, na mwaka mzima hakikunitoka kichwani. Kwa hiyo mwezi wa tisa ulipoingia nilikwenda kwa Bi Eunice Vogel, aliyekuwa mwalimu wetu wa ushonaji na upishi, ambaye tangu astaafu anatengeneza maua gerejini kwake.

"Wewe Weldon!" akasema. "Usiniambie umepata mchumba."

"Nataka ua la Marlee, mama."

"Oho! Nani anampa?"

"Mimi."

Akauweka mkasi mezani. "Baba hampi binti yake ua, wewe. Watamcheka mpaka Krismasi."

"Hawatajua."

Akanikagua kuanzia kofia hadi buti. "Mjini hapa? Haya. Nawa hayo mamikono yako ya grisi kwanza, usinichafulie satini. Na ujue mimi nakuuzia vifaa na kukuonyesha namna, kutengeneza utatengeneza mwenyewe. Mimi simo."

Nilitengeneza kwenye chumba cha boila, saa za chakula, wiki mbili nzima. Rangi za shule yetu ni damu ya mzee na nyeupe. Gundi ya moto iliniunguza vidole vyote isipokuwa viwili. Kusuka tepe hakukunipa shida, maana mama yake alipoondoka nilijifunza kumsuka Marlee nywele kabla ya basi la shule kufika, na mikono haikuwa imesahau. Nilisuka mistari minne, mitano, nikifungua na kuanza upya pale palipopinda. Sijawahi kufanya kazi kwa uangalifu vile katika jengo lile, na mkuu wa shule asinisikie.

Utepe wa Marlee niliubandika herufi za rangi ya fedha. Utepe wa pili ndio ulionishinda. Kuandika jina la mvulana wa kubuni ni uongo. Kuandika langu ni kumpeleka binti yangu machinjoni. Siku tatu nilikaa nao mapajani, mwishowe nikauacha hivyohivyo, mweupe, nikajipongeza kwamba nimepata njia isiyo na uongo. Bi Vogel sikumwonyesha ua likiwa limekamilika. Laiti ningemwonyesha, angenizaba kibao, na ningekistahili.

Ijumaa alfajiri nilifungua ofisi kwa funguo zangu, nikaliweka mezani kwa karani na kikaratasi chenye jina lake. Mapumziko ya kwanza nikajipachika juu ya ngazi koridoni, chini ya balbu isiyo na ubaya wowote.

Nilisikia njuga kabla sijamwona. Marlee alitoka ofisini na ua kifuani, na alikuwa amesimama wima. Miaka yote hiyo sikujua kwamba binti yangu anatembea ameinama, mpaka siku ile nilipomwona hajainama. Watu wakageuka. Wasichana wawili wakamshika tepe, "Hee, nani kasuka hizi? Tazama kazi!" Na yeye akawapita wote, akaja moja kwa moja mpaka kwenye ngazi yangu.

"Baba! Baba, ona!"

Mbele ya shule nzima. Niliishika ngazi.

"Zuri," nikasema. "Nani kakupa?" Nilishangaa jinsi swali lilivyonitoka laini.

"Sijui! Utepe mtupu!"

"Mtupu ndiyo nini?"

"Baba nawe! Utepe mtupu maana yake ni mtu wa humuhumu, anaona haya. Inabidi ajitaje kabla dansi ya kesho haijaisha."

"Na asipojitaja?"

Uso ukamfifia kidogo. "Basi wamekufanyia mzaha. Mwaka juzi walimfanyia Dixie Ann Stroud. Alihama shule." Kisha akatabasamu tena. "Lakini hili si la mzaha. Mtu hasuki namna hii kwa mzaha."

Akaenda. Mimi nikabaki juu ya ngazi. Kumbe wasichana wana sheria zao, na hakuna aliyemwambia fundi wa boila. Nilikuwa nimemtegea mtoto wangu mtego kwa mikono yangu mwenyewe, na ulikuwa umebakiza siku moja na nusu kufyatuka. Nikaamua: kengele ya mwisho ikilia, namwita garini namweleza kila kitu. Atalia, atanichukia, lakini itakuwa kati yetu wawili.

Kengele ya mwisho ilikuwa mbali mno. Wakati wa chakula nilikuwa bwaloni, nimeingiza kichwa nyuma ya friji ya maziwa, niliposikia zile njuga zikivuka ukumbi. Nikachungulia. Alikuwa anaelekea meza ya wachezaji, kwa Brice Holcomb, mtoto wa mwenye kinu cha kuchambulia pamba. Kijana mrefu, mpole kuliko wenzake, mara mbili alishawahi kunisaidia kubeba ngazi bila kuombwa. Baadaye Marlee aliniambia kwa nini alimfikiria yeye: ndiye mtu pekee pale shuleni aliyewahi kumuuliza anasoma kitabu gani.

"Brice," akasema, "ni wewe?"

Mmoja pale mezani akaanza kucheka kwa pua, mwingine akampiga kiwiko mwenzake. Brice aliutazama ule utepe mweupe, kisha akamtazama usoni. Masikio yakamwiva.

"Ee," akasema. "Ni mimi."

"Weweee! Holcomb! Umeanza lini ususi?" Meza yote ikalipuka, na mmoja akasogea kumpisha Marlee akae. Akakaa. Spana iliniponyoka ikaangukia nyuma ya friji, na hakuna aliyegeuka.

Kwanza nilishukuru, sifichi. Kisha, mikono ikiwa bado nyuma ya ile friji, nikaingiwa na hasira ambayo sikuitarajia. Ilikuwa wivu. Mtu mzima wa miaka arobaini na minne nilimwonea wivu mtoto wa shule kwa sababu alisema maneno mawili yaliyokuwa yangu.

Jumamosi jioni alikuja kumchukua waende dansi. Jinzi imepigwa pasi, kofia mkononi. Marlee alikuwa bado bafuni. Nikatoka nikaufunga mlango nyuma yangu, tukawa wawili barazani.

"Habari za jioni, mzee."

"Nzuri. Ua ulilompa zuri sana."

"Asante, mzee."

"Zile tepe umesuka mwenyewe?"

"Mama alinisaidia kidogo."

"Mama yako." Nikamnyooshea mikono yangu, viganja juu. Vidole vilikuwa bado vimejaa alama nyekundu. "Hii ni gundi ya moto, kijana. Tafadhali nionyeshe vyako."

Hakunionyesha. Aliitazama mikono yangu, kidole kimoja baada ya kingine. "Kumbe ni wewe, mzee."

"Kwa nini ulidanganya?"

"Alikuwa amesimama pale, mzee. Mbele ya watu wote. Na wale wajinga ndiyo wanaanza kucheka." Alikuwa anaizungusha kofia vidoleni. "Ningesema si mimi, angerudi vipi kwenye kiti chake?"

Nilikuwa nimeandaa maneno makali tangu asubuhi. Yalikwisha yote. "Unampenda?"

"Bado simjui vizuri, mzee. Ila ananichekesha."

Marlee anachekesha? Mimi sikuwa na habari. "Sikiliza," nikasema. "Usimwambie kwamba ni mimi. Kamwe."

"Sitamwambia, mzee. Naapa."

Tukapeana mikono, waongo wawili. Marlee akatoka akiwa na gauni la bluu, nikawapiga picha mbele ya pikapu ya Brice, na kwenye hiyo picha kidole changu kimeziba pembe moja.

Wiki zilizofuata zilikuwa za furaha, kwake. Kutoka juu ya ngazi nilimwona akila kwenye meza ya wachezaji, na kweli, alikuwa anawachekesha. Alipita koridoni akaniambia, "Mambo, mzee," mbele za watu, bila haya. Lakini jioni ilikuwa mazoezi, mechi ya ugenini, au chakula kwa akina Holcomb. Nilipasha moto maharage ya kopo nikala nimesimama, maana kuweka meza kwa ajili ya mtu mmoja kunanishinda. Nilikuwa nimepata nilichokitaka, na nyumba ilikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia friji ikizima na kuwaka. Ua alilitundika ukutani chumbani kwake, juu ya kitanda, kama wasichana wote wafanyavyo. Mlango ukiwa wazi niliingia kulitazama, nikatoka.

Wiki ya tatu ilipokwisha, upepo wa kwanza wa baridi ulishuka kutoka kaskazini. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, nilikuwa nyuma ya nyumba nachoma takataka kwenye pipa, sisi wote huku tunachoma zetu. Moto ulikuwa umefifia, umebaki moshi. Marlee akatoka kwa mlango wa jikoni amevaa koti langu. Macho yamevimba. Ua alikuwa amelibeba kwa mikono miwili, njuga zinalia kila hatua.

"Yamekwisha," akasema.

"Brice?"

"Jana. Eti mimi ni mtu mzuri."

"Pole, mwanangu."

"Subiri, hujasikia. Nikamwambia, mtu hampi mtu ua kama hili halafu wiki tatu baadaye anamwambia ni mtu mzuri. Unajua alinijibu nini? Eti si yeye aliyenipa! Eti hajawahi. Ananitazama machoni kabisa, baba, bila hata kupepesa!"

Niliutazama moto. "Labda..."

"Labda nini? Nikamuuliza, kama si wewe ni nani? Akasema hawezi kusema. Hawezi kusema! Anaona bora akane kuliko kukubali kwamba aliwahi kunijali. Jumatatu shule nzima itajua ni mwongo wa aina gani, nitahakikisha."

Na angehakikisha, maana sasa alikuwa na watu wa kumsikiliza. Nilimfikiria yule kijana na masikio yake mekundu, aliyemnusuru binti yangu asichekwe, na sasa amesema kweli na kutunza ahadi kwa wakati mmoja, na malipo yake ndiyo hayo. Maneno yalikuwa mawili tu. Ni mimi. Brice aliyasema mbele ya meza nzima, akiwa hana haki nayo. Mimi nilikuwa na haki nayo, na palikuwa na mtu mmoja tu wa kuyasikia, tena ananipenda.

Lakini niliona yatakavyofika kwake. Kwamba hakuna mtu katika shule ile aliyekaa usiku akimwaza. Kwamba siku aliyosimama wima, alisimamia uongo wa baba yake. Kwamba alivuka bwalo zima kwenda kumuuliza mvulana swali ambalo jibu lake lilikuwa nyuma ya friji na spana mkononi. Hizo ndizo sababu nilizojipa. Sababu ya kweli ni kwamba niliogopa. Wiki tatu hizo nilikuwa nimeonja upweke wa kumkosa, nikaona akinichukia sitaweza.

"Nipe kiberiti," akasema. "Huu moto wako umelala."

"Ni ua zuri, Marlee. Kazi ya mtu. Liweke tu kabatini."

"Ni uongo mtupu. Silitaki ndani ya nyumba."

Nikatoa kiberiti mfukoni nikampa.

Aliwasha gazeti, akalitupia ndani, akaliweka ua juu yake. Satini haiwaki kama karatasi. Inajikunja kwanza, inanuka, halafu inayeyuka. Nilitazama mistari yangu ya kusuka ikifunguka yenyewe, ule wa kwanza, wa pili, ule nilioufungua mara tatu. Marlee alilia kidogo, bila sauti. Kisha akanisogelea, akaegemeza kichwa begani kwangu, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu akiwa na miaka kumi na moja.

"Baba."

"Naam."

"Unajua nani peke yake katika mji huu hajawahi kunidanganya?"

Nilijua linakuja jina gani, na niliomba asilitaje.

"Wewe," akasema.

Baadhi ya tepe zilikuwa zimening'inia nje ya pipa, hazijashika moto bado, na mmojawapo ulikuwa ule mweupe usio na jina. Nikaokota kijiti, nikazisukuma ndani.